Jiko Lenye Milango Miwili

Mwezi uliopita tulimuaga Zablon kanisani hapa Eldoret kabla hajapelekwa kwao ziwani kuzikwa. Alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na kila aliyesimama mbele alikuwa na jengo la kutaja. Huyu alichorewa duka, yule zahanati, mwingine nyumba ya ghorofa ambayo mpaka leo haina ufa. Mwongozaji akauliza kama kuna mwingine aliyechorewa kitu na marehemu. Mjukuu wangu akanipiga kiwiko. "Kukhu, si ni yeye alikuchorea ile jikoni ya Soy? Simama useme." Nikamwambia aninyamazie, miguu inaniuma. Miguu haikuwa inaniuma hata kidogo. Zablon alinichorea jiko zuri kuliko yote niliyopata kuona, nami nikalivunja nusu yake kwa mdomo wangu na kwa nyundo za watu wengine, na hilo si jambo la kusimama mbele ya jeneza ulieleze kwa dakika mbili. Nitalieleza hapa kwa nafasi yangu. Anayetaka kunicheka anicheke.

Kwanza mjue kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Hata leo nikipewa dawa hospitalini nauliza mara tatu ni ya nini, na nikiona watoto wangu wawili wanazungumza kwa sauti ya chini najua wananizungumzia mimi. Lakini mwaka huo, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sikuwa peke yangu. Uasin Gishu nzima ilikuwa inashukiana. Wazungu walikuwa wanauza mashamba na kuondoka, na watu walikuwa wanajiunga vikundi vikundi kununua, halafu wanagawana vipande. Mgeni akishuka barabarani na kofia yake, boma tatu zinatoka nje kumtazama: huyu ni nani, ameletwa na nani, ataonyeshwa kipande cha nani? Mtu akijenga hata choo, majirani wanakuja kuamkua ili wapime kwa macho ni cha watu wangapi. Tuliishi hivyo, tukisalimiana vizuri sana na kutazamana vibaya.

Kikundi chetu kilipogawa, mume wangu Simiyu aliangukiwa na kipande chenye nyumba, huko Soy. Wenzetu walitucheka. Wao walitaka ardhi tupu ya kulima, sisi tukapewa mawe ya kaburu aliyekuwa amehama miaka miwili kabla. Ilikuwa nyumba ya zamani kweli, kuta nene hata ukiweka kiganja dirishani mkono unaishia ndani ya jiwe. Madirisha yenyewe yalikuwa madogo, yamekatwa vioo vidogo vidogo, kana kwamba mwenyewe alikuwa anaogopa kuchunguliwa. Sakafu ya mbao ililia kila ulipokanyaga, kwa hiyo hakuna aliyeweza kutembea humo bila mwingine kujua yuko chumba gani. Sebuleni kulikuwa na mahali pa kuotea moto, pakubwa kiasi cha kumchoma mbuzi mzima. Bafuni kulikuwa na karai refu la chuma lenye miguu minne, na ukuta kati ya bafu na sebule ulikuwa wa mbao tupu. Uweke akilini ukuta huo, nitaurudia sasa hivi.

Jambo moja lilinikera tangu siku ya kwanza: nyumba hiyo haikuwa na jiko. Jiko lilikuwa nje, hatua kama ishirini, kibanda cheusi kwa moshi ambamo mpishi wa kaburu alikuwa anapikia. Kutoka meza ya kulia kulikuwa na waya uliopita dirishani mpaka kwenye kengele kule kibandani, mzungu akitaka supu anavuta. Siku moja Simiyu akauvuta kwa mzaha. Nikatoka kule na mwiko mkononi, nimejaa moshi na mvua, nikamwambia, "Ukirudia hiyo, utakula kengele." Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, "Basi tujenge jikoni ya kisasa. Ishikane na nyumba, iwe na bomba ndani. Nitatafuta mtu achore." Aliyasema hayo bila hata kukuna kichwa. Nilifurahi, sikatai, lakini jioni nikaanza kujiuliza. Simiyu alikuwa karani wa ghala la mahindi mjini, mtu ambaye kununua jembe tu aliwaza wiki mbili. Iweje akubali jiko kwa dakika moja?

Mwaka huohuo nilikuwa na donge lingine rohoni. Baba yangu alikuwa amefariki, na mama yangu alibaki kule kwetu, nyuma ya boma, katika kajumba kaliko karibu kuanguka. Mama alikuwa mke wa pili. Boma lilishikwa na wana wa mke wa kwanza, na wao hawakumfukuza kwa maneno, walimwacha tu avujiwe. Kila nilipomtembelea nilirudi nikilia ndani ya basi. Mtu wa nje angeuliza, si umchukue ukae naye? Kwetu haliwezekani hivi hivi. Mama na mkwe wake hawapeani mkono. Hawatazamani usoni. Hawali chumba kimoja, na mama hawezi kulala chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hata Mama alipokuja kuniona mchana alikaa nje kando ya kibanda, na Simiyu akitokea barabarani Mama alijifunika leso na kugeukia ukutani, naye Simiyu akapitia nyuma ya zizi, mtu mzima na koti lake. Hiyo ni heshima, na tuliizoea. Suala la Mama kuja kukaa kwangu nililiona limefungwa hata kabla sijazaliwa.

Zablon akaja. Alikuwa kijana mwembamba aliyefunzwa kuchora na wahindi wa mjini, penseli sikioni, ramani amezikunja chini ya kwapa, na tumbo ambalo sijui aliliweka wapi kwa vile alivyokuwa anakula. Alitandaza karatasi juu ya meza ya kulia akazishikilia kwa vikombe. Wiki mbili zile nilikuwa na raha. Nilimwambia nataka sinki chini ya dirisha, nikiosha vyombo nione mahindi yangu. Nataka stovu ya chuma yenye bomba la moshi linalopanda mpaka nje. Nataka meza ya simiti ambayo sitaiinamia. Akaniambia nisimame wima, akapima kwa futi yake kutoka sakafuni mpaka kiunoni, akiwa ameinyoosha mikono na kutazama dari kwa heshima. "Madam," akasema, "wewe ni mrefu. Nikitumia vipimo vya vitabu vya wazungu utavunjika mgongo."

"Kwani wazungu walipikiwa na watu wafupi?"

"Wazungu hawakuwahi kumpima mpishi."

Nikamwongezea kipande cha samaki. Alisema nyumba ya zamani haitaki kubebeshwa jengo jipya mgongoni, inataka kushikwa mkono. Kwa hiyo jiko alilichora chini kidogo ya paa la zamani, na mawe ya namna ileile, ila madirisha mapana, ili mtu atoke giza la sebule aingie mwangani. Nilimwelewa. Nililiona hilo jiko kabla halijajengwa, nikawa natembea ndani yake nikiwa nimekaa.

Halafu siku moja Simiyu akamtembeza Zablon kule nyuma, wakakaa huko muda mrefu, na Zablon aliporudi wiki iliyofuata ramani ilikuwa imebadilika. Nyuma ya jiko langu kulikuwa na chumba kingine. Nikaweka kidole. Kilikuwa na mlango wake, unaotazama njia ya ghala letu la hapo nyumbani, si upande wa nyumba. Kilikuwa na mahali pa moto, mafiga matatu ya kwetu, si stovu. Kati yake na jiko langu kulikuwa na mlango mdogo, na kati ya jiko langu na chumba cha kulia kidirisha cha kupitishia chakula, chenye kifuniko cha mbao, kwamba sahani inapita na uso haupiti. Na la ajabu kuliko yote, paa la chumba hicho halikugusana na paa la nyumba. Liliachwa pengo la kama urefu wa mkono.

"Hii ni nini?"

"Ni stoo, Madam."

"Stoo ina moto?"

Zablon akakohoa. "Ya kukaushia mahindi."

"Na hili pengo? Mvua ikija si itaingia hapo kati?"

"Nimemwambia Mzee hivyo hivyo," akasema, na hapo alikuwa anasema ukweli, nilimwona usoni. "Nimemwambia ni kazi mbaya, fundi yeyote atanicheka. Amekataa kabisa. Anasema paa lisiguse paa." Kisha akakumbuka kwamba ameongea sana, akajaza mdomo chapati.

Wewe unayesoma labda umeshaona ni kitu gani. Mimi, niliyelelewa nikifundishwa kumgeukia ukuta mkwe, sikuona. Niliona kile ambacho mwanamke yeyote wa kwetu angeona akionyeshwa moto wa pili katika boma lake. Kwetu mke ni moto. Mwanamume haulizwi ana wake wangapi, watu wanahesabu moshi. Mwenye mlango wake, paa lake na mafiga yake ni mke, mengine ni porojo. Na mtu mmoja mmoja miaka ile, akishapata shamba, jambo la pili lilikuwa kuongeza mke wa kulilima. Tulikuwa tumeyaona kwa jirani wa bondeni na kwa jirani wa juu. Nikasema moyoni, kumbe. Kumbe ndiyo maana alikubali jiko kwa dakika moja.

Siku iliyofuata nilikuwa bafuni nafua nguo za mtoto wetu Wafula katika lile karai, na wao wawili sebuleni. Nimewaambia ukuta ulikuwa mbao. Nikaacha kufua. Simiyu alikuwa anasema, "Mlango wake uwe wake. Moto wake uwe wake. Hapo usipunguze kitu." Zablon akauliza, "Na mama wa nyumba ameambiwa?" Simiyu akajibu, "Bado. Mama Wafula asijue kwanza. Mambo yakiiva nitamwambia mwenyewe." Nilikuwa nimeshika shati la Wafula, maji yakanimwagikia miguuni wala sikusikia baridi. Sakafu ikalia walipoinuka. Nikaanza kusugua tena kwa kelele, nisugue, nisugue, ili wajue kwamba niko na kazi zangu na sijui lolote.

Kama ungekuwa wewe ungemuuliza. Mimi sikumuuliza, na nimejiuliza miaka yote hii ni kwa nini. Nadhani niliona kwamba nikiuliza atanijibu, na akinijibu limekwisha, nitakuwa nimeambiwa rasmi. Afadhali nilikuwa na neno langu kifuani nikilitafuna. Nikaanza upelelezi. Nilinusa makoti yake. Nilihesabu siku alizochelewa kutoka kazini. Nikaenda mjini dukani kwa Abdi, Msomali aliyetuuzia nguo na sukari, mtu mpole, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza, "Mama Wafula, lile blanketi zito la kike lilimfaa? Mzee alichagua kwa muda mrefu sana, alitaka lisilowasha ngozi." Nikamwambia lilifaa sana, ahsante. Nyumbani hakukuwa na blanketi jipya. Nilitafuta hata chini ya magunia, nikalipata ghalani limefungwa kwenye karatasi, la kahawia lenye mstari mwekundu, na juu yake kigoda kipya kilichochongwa vizuri. Simiyu hakuwahi kunichagulia mimi blanketi. Langu alilinunua huku anakimbilia basi. Nilirudisha kila kitu kilivyokuwa, nikaenda kupika, na chakula cha siku hiyo kilijaa chumvi mpaka Wafula alilia.

Mafundi wakaanza kujenga. Kuta zikapanda za jiko langu na za kile chumba, pamoja. Nilikuwa nawapelekea uji mafundi nikitazama mafiga matatu yamepangwa humo ndani mapya kabisa, hayajaguswa na sufuria. Wiki hiyohiyo Mama akaja kunitembelea. Simiyu hakuwepo, kwa hiyo Mama alikuwa huru kidogo, akakaa kwenye mkeka kando ya kibanda cha zamani, tukawa tunachambua kunde. Aliutazama ujenzi kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Akasema, "Mnajenga pazuri." Sauti yake ilikuwa na kitu fulani, kama mtu anayeuliza. Mimi nikadhani ananihurumia, kwamba habari zimeshamfikia hata yeye kule nyuma ya boma. Yaliyokuwa kifuani yakatoka yote.

Sikutaja neno mke. Kwetu binti hamwambii mama yake habari za mume wake na wanawake, ni aibu, ni kama kumfungulia mlango wa chumba cha kulala. Kwa hiyo nilisema hivi, na nayakumbuka neno kwa neno, ole wangu: "Baba Wafula anajenga nafasi ya mtu jikoni mwangu. Anafikiri sijui. Najua. Basi huyo mtu na aje. Siku atakayoweka sufuria juu ya hayo mafiga, nitamwaga maji motoni mbele ya macho yake. Na akiwasha tena nitamwaga tena. Hapa hakuna nafasi ya mtu mwingine." Nilisema nikitupa maganda ya kunde kwa hasira. Mama akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Moto ni wako, mwanangu." Nilimletea chai, akainywa nusu, akasema basi la Webuye linajaa mapema, akaondoka jua likiwa bado juu. Hata zile kunde nilizomfungia alizisahau kwenye mkeka. Nikasema moyoni, maskini, nimemtia uchungu na shida zangu.

Jumatatu Simiyu akasafiri na lori la ghala kwenda Kitale, wiki nzima. Sikungoja hata vumbi litulie. Nikawaendea mafundi nikawaambia mzee amebadilisha mawazo, chumba cha nyuma hakitakiwi. Wakatazamana. Fundi mkubwa, mzee wa Kinandi aliyeitwa Kiprono, akaniuliza, "Mama, ni yeye amesema?" Nikamwambia, "Kwani mimi ni nani hapa?" Alijua mume wangu ameondoka asubuhi hiyo, na aliona jinsi nilivyosimama. Akachukua nyundo. Wakaziba kile kidirisha kwa mawe na simiti. Wakaziba mlango mdogo. Kuta za chumba wakaziangusha mpaka usawa wa goti. Mafiga niliyatoa mwenyewe, moja moja, nikayabeba tumboni na kuyatupa bondeni kwenye majani. Nitasema ukweli, nilisikia utamu. Nilipika vizuri siku hiyo.

Zablon alikuja Alhamisi kukagua kazi. Alisimama penye zile kuta zilizoangushwa, akaweka ramani chini juu ya vumbi, yeye ambaye hakuwahi kuziacha hata ziguse chai. "Madam, umefanya nini?"

"Nimepunguza kazi. Ile stoo yako ya kukaushia mahindi haitakiwi."

Alinitazama kama mtu anayetaka kutema kitu. "Si mimi wa kusema," akasema. "Niliahidi." Nilikuwa nimepika kuku. Nikamwambia akaribie mezani. Akasema ameshiba, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Zablon, kushiba! Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilijishuku mwenyewe, lakini nikakaza roho. Nikasema ni njama yao wanaume, wanalindana.

Simiyu alirudi Jumamosi mchana. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi siku tano, maneno yote nimeyapanga. Alizunguka nyuma kukagua ujenzi. Akaingia kupitia jiko langu jipya, akakaa mezani, akatazama pale kidirisha kilipokuwa. Simiti ilikuwa bado ina rangi mbichi. Nikampakulia. Alikula kidogo kidogo, na mimi nimesimama na mikono kiunoni nangoja. Akanawa. Ndipo akasema, bila kupaza sauti, "Ile ilikuwa ya mama yako."

Nikamwambia aache uongo. Akaendelea kana kwamba hajanisikia. Alisema mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa amekaa na wazee wa kwetu mara tatu kwa ajili hiyo. Mara mbili walikataa, walisema haijawahi kuonekana mama kukaa kwa mkwe. Mara ya tatu Simiyu aliwapelekea ile ramani ya Zablon. Akawaonyesha kwa kidole: paa lake haligusi langu, kwa hiyo hatulali chini ya paa moja. Mlango wake unatazama kwingine, kwa hiyo hatupishani. Moto ni wake, hapikiwi kwa mkwe. Na kama binti yake anataka kunipa chakula alichopika mama, kinapita kidirishani, sahani naiona na yeye simwoni. Wazee waliigeuza ile karatasi huku na huku, wakapima pengo la paa kwa mkono wa mzee mmoja, wakasema hapo hawana neno.

"Mbona hukuniambia?"

"Je, wangekataa tena? Ungelia mara ya pili. Umelia ya kutosha kwenye hayo mabasi." Alikuwa anakunja kitambaa cha meza pembe kwa pembe. "Mjomba wako alipeleka habari kwa mama yako wiki mbili zilizopita. Alikubali. Aliimba, mjomba wako anasema. Akasema atakuja kwanza kupatazama, nami nikangoja hilo ndipo nikuambie. Halafu juzi nikiwa Kitale nimeletewa ujumbe kwamba amekataa. Hataki tena, na haelezi sababu. Sisi wote hatujui ni nini kimemkuta."

Mimi nilijua. Nilishika ukingo wa ile meza ya simiti iliyopimwa kwa kiuno changu, nikaona kunde, mkeka, chai nusu kikombe. Nililia mpaka jirani wa bondeni akaja kuuliza nani amefariki.

Kesho yake nilipanda basi. Nilimkuta Mama ndani ya kajumba kake, anakoroga mboga, ndoo mbili zimewekwa panapovuja. Nilianza kuongea kabla sijavuka kizingiti. Nilimwambia sikujua, nilimdhania mtu mwingine, nilidhani Baba Wafula analeta mke. Nikalitaja hilo neno wazi, aibu ilikuwa imeniisha. Nilimwambia mafundi wanarudi Jumatatu, kuta zitapanda kwa siku nne. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nikae.

"Sasa nimejua hukuwa unanisema mimi," akasema. "Nakuamini."

"Basi twende, Mama. Funga vitu vyako."

"Sitakuja." Alikoroga mboga. "Nilipoletwa hapa na baba yako, mama yao hawa vijana alinimwagia maji motoni siku tatu. Nilikuwa msichana. Niliwasha, akamwaga. Siku ya nne nilikula viazi vibichi. Sikukuambia hayo kwa sababu sikutaka umchukie. Siku ile nilipokusikia, nilidhani unanikataa mimi, na hilo lingeniuma likapoa, watoto hukataa wazazi. Sasa unaniambia ulimsemea msichana fulani usiyemjua. Mimi ndiye nilikuwa huyo msichana."

Nilimsihi mara nyingine mwaka huo, na mwaka uliofuata, nilimtuma mjomba, nilimtuma Wafula na barua, na Simiyu alijenga tena kile chumba mawe kwa mawe na pengo lake la paa. Mama alitushukuru sana. Hakuja. Tulimwezekea kajumba kake mabati, akafia humo, amejifunika lile blanketi la kahawia, maana hilo alilikubali. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile, nimekaa chini kando ya moto wake nikilia kama mtoto aliyechapwa.

Aliniachia nilie. Kisha akaipua sufuria, akavuta jivu kwa ufagio mpaka likatandaa vizuri sakafuni, laini, jeupe. "Nionyeshe," akasema. "Mjomba wako alieleza, lakini wanaume hawajui kueleza jiko."

Nikachora kwa kidole. Hapa ni nyumba. Hapa jiko langu, hapa sinki. Hapa kidirisha, nakupokea sahani nampitishia yeye. Hapa mafiga yako. Hapa ungelala, mbali na moshi. Mama alikuwa ameinama, mikono magotini, akiuliza kama mtu anayenunua. Upepo wa huko unatoka wapi? Maji yanakaa wapi? Jua la asubuhi lingemfikia? Nikamwambia lingemfikia, kwa sababu mlango ulitazama mashariki, njia ya ghalani.

"Mlango uko wapi? Siuoni."

Nikatafuta. Sikuuona pia. Mama akanigusa bega.

"Inuka kidogo, mwanangu," akasema. "Umeukalia."